Rangi Iliyotembea Chini ya Mchanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Haula alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kuteka maji. Kisima kilikuwa uani kwao, nyuma ya nyumba. Alikichimba babu yake, lakini mtaa mzima ulikitumia. Akina mama walikuja na ndoo zao, wakasalimiana, wakataniana, wakateka na kwenda zao. Katika ukingo ule wa mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kumnyima jirani maji ilikuwa aibu kubwa kuliko kumnyima chakula.

Haula alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kisima kile hakijaacha kumshangaza. Bahari ilikuwa pale pale, mvumo wake unasikika, na maji yake hayanyweki. Lakini chimba mchanga kidogo, utakuta maji matamu! Tena alikwisha kugundua jambo jingine. Bahari ikijaa, maji ya kisima nayo hupanda kidogo, ikipwa, hushuka. Alipomweleza baba yake, Mwinyimadi, mzee alicheka sana.

"Basi kisima chetu kinavuta pumzi," alisema.

Mwinyimadi alikuwa mfanyabiashara wa kanga na vitenge alivyovileta kutoka Mtwara. Mwaka ule biashara ilimnyookea, maana gesi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari na mji ulijaa wageni. Magari makubwa yalipita yakitimua vumbi, na vyumba vya kupanga vilikuwa adimu. Mwinyimadi alipangisha chumba cha uani kwa Sebastião, kijana wa Kimakonde kutoka bara, aliyefanya kazi na watu wanaopima ardhi. Sasa, wenyeji wengi walizoea kwenda kujisaidia ufukweni. Lakini mpangaji wa heshima utamwambiaje aende ufukweni? Mwinyimadi akajenga choo, kabla tu ya mvua kuanza.

Hakikuwa choo cha kubahatisha. Kilikuwa na sakafu ya saruji, mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, na pembeni sehemu ya kuogea yenye tundu la kupeleka maji shimoni. Na alikijenga hatua chache tu kutoka kisimani, kwa makusudi kabisa.

"Sisi Waislamu, choo bila maji si choo," aliwaeleza majirani, huku akifungua na kufunga mlango ili wausikie usivyolia. "Kopo likiisha maji, unanyoosha mkono tu. Kisima hiki hapa!"

Majirani walisifu. Jirani yao mmoja, Momade, mtu wa sauti kubwa na maneno mengi, alisema naye atajenga vivyo hivyo, ubavuni mwa kisima chake.

Jambo moja tu liliisononesha nyumba ile. Yasmin, mdogo wake Haula wa miaka miwili, alikuwa akiharisha mara kwa mara tangu mvua zianze. Mama yao, Chamima, alisema ni meno. Majirani wakasema ni kijicho. Meno yakaota, hirizi ikavaliwa, na mtoto akazidi kukonda.

Mama Chamima alikuwa msusi wa mikeka. Jumamosi moja alichemsha ukindu kwa rangi nyekundu, mzigo mzima, kwa ajili ya mikeka ya harusi. Alipomaliza, sufuria kubwa ilibaki na rangi nzito tele.

"Haula, mwanangu, ikipoa kamwage ufukweni, kule chini kabisa bahari inakofika," alisema. "Usimwage uani. Watu watakanyaga, waingie msikitini na miguu myekundu."

"Ndiyo, mama."

Haula aliinyanyua sufuria. Ilikuwa nzito, na ufukwe ulikuwa mbali. Hajafika hata kwenye lango la ua, akasikia ngurumo juu. Helikopta ya watu wa gesi ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa ndege, chini chini, upepo wake ukiyumbisha minazi. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiikimbilia huku wakipiga kelele. Haula hajawahi kuona kitu kizito kama kile kikielea hewani. Alitazama sufuria, akatazama mlango wa buluu. Aliingia chooni, akamimina rangi yote katika tundu la bafuni, akasuuza kwa ndoo ya maji na kutimua mbio. Nani atajua? Shimo halisemi.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja Haula alivuta ndoo kutoka kisimani akaona maji yana wekundu. Alidhani ni mwanga wa jua linalochomoza. Aliyamwaga, akateka tena. Maji yalikuwa yale yale, mekundu kwa mbali.  Rangi ile aliijua.

Kabla hajajua la kufanya, Momade aliingia na ndoo yake. Alichungulia, akarudi nyuma.

"Damu!" alipiga ukelele. "Jamani, kisima kinatoa damu!"

Kufumba na kufumbua, ua ulijaa watu. Kila mmoja alikuwa na lake, lakini la Momade ndilo lililopata wasikilizaji. Watu wa gesi, alisema, wametoboa ardhi huko wanakotoboa, na sasa ardhi inavuja damu. Yakaja maneno kwamba kesho visima vyote vitakuwa hivyo, na keshokutwa bahari. Wakati huo Sebastião alitoka chumbani, mswaki mdomoni, asijue linaloendelea.

"Huyu hapa!" Momade alimnyooshea kidole. "Hawa ndio wametuharibia maji! Aondoke leo hii, kabla hatujamtolea vitu vyake nje!"

"Epa, tio, mjomba wangu, mimi kazi yangu ni kubeba nyaya za kupimia tu," Sebastião alisema, akiutoa mswaki. "Kisima chenu sijakigusa."

"Aondoke!" wakaitikia wengine.

Mwinyimadi alisimama mbele ya mlango wa mpangaji wake. "Huyu ni mgeni wangu," alisema. Lakini watu walizidi kusogea, na Haula alimwona baba yake akilegea. "Sebastião, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "labda nenda kwanza. Watu wakipoa utarudi."

Sebastião hakubishana. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo zake. Haula alimfuata hadi mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, mana, dada yangu," Sebastião alimwambia. "Mimi nimeshazoea kuhama."

Maneno hayo yalimchoma Haula kuliko kama angekaripiwa. Akisema ukweli, mama atajua kwamba hakutii. Hilo si kitu. Lakini choo cha baba! Choo chenye mlango wa buluu, kilichosifiwa na kila mtu, kitaonekana kinamwagika kisimani. Baba ataweka wapi uso wake? Na akinyamaza, mtu asiye na kosa atafukuzwa kama mwizi, pengine apigwe njiani. Aliogopa, lakini alirudi katikati ya ua.

"Si damu!" alisema kwa nguvu. "Ni rangi ya ukindu. Niliimwaga mimi, chooni."

Watu waligeuka kumtazama. Kisha Momade akaangua kicheko.

"Rangi itoke chooni, ipite chini ya ardhi, iingie kisimani? Ina miguu?"

Wengine walicheka. Mwinyimadi hakucheka. Alikuwa akimtazama binti yake kwa namna ambayo Haula hajawahi kutazamwa.

"Haula, unajua unachokisema mbele za watu?"

"Najua, baba. Nisamehe. Lakini ndiyo kweli."

Ndipo alipofika Delfina, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye mtu alikwenda kumwita mbio. Alisikiliza pande zote. Alichota maji katika bakuli jeupe, akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama kisima, akatazama choo.

"Kubishana hakutatusaidia," alisema. "Tujaribu. Mama Chamima, una rangi gani ambayo hujaitumia?"

"Ya kijani ipo."

Rangi ya kijani ilichemshwa mbele ya watu, sufuria nzima, ikamwagwa katika tundu lile lile pamoja na ndoo kadhaa za maji. Mlango wa buluu ukafungwa kwa kufuli.

"Ufunguo akae nao Momade, asiyeamini," Delfina alisema. "Maji ya kunywa na kupikia mtateka kisima cha msikitini, na muyachemshe. Hapa mtateka mkamwage tu, kama mnavyoteka kila siku. Na kijana huyu haondoki mpaka tuone."

Momade aliuchukua ulinzi wake kwa dhati. Alileta kigoda akaketi kati ya choo na kisima, ufunguo umening'inia shingoni kama cheo. Wekundu ulififia siku baada ya siku, na hakuna kingine kilichoonekana. "Naona ile miguu yake imechoka," aliwatania waliopita.  Haula akitoka shule alikwenda moja kwa moja kisimani, akavuta ndoo na kutazama. Nyumbani baba hakumkaripia, ila alizungumza kidogo sana, na kimya kile kilimwumiza.

Mchana mmoja, bahari imejaa, Haula alivuta ndoo na kumimina maji katika bakuli jeupe la Delfina. Alitazama. Aliyafikicha macho, akatazama tena.

"Mzee Momade," aliita, "hebu njoo."

Maji yalikuwa ya kijani. Kijani chepesi sana, lakini kijani, na kila mwenye macho angekiona. Momade alishika bakuli kwa mikono miwili. Aligeuka akatazama kufuli mlangoni. Lilikuwa limefungwa. Aligusa ufunguo kifuani pake. Ulikuwepo.

"Laa ilaaha illa Llah," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ulimsikia Momade akinong'ona.

Watu waliitwa. Bakuli lilipita mkono kwa mkono. Haula aliinama. Alitazama mchanga uliokuwa chini ya miguu yake, mchanga aliouchezea tangu utotoni, mkavu, umetulia kabisa. Kumbe chini yake maji yalikuwa safarini! Yalitembea walipokuwa wakila, wakisali, wakilala, yakipenya kati ya chembe na chembe bila kutoa sauti, yakibeba kila walichoyapa. Alihisi woga, na pia furaha ambayo hakuweza kuieleza.

"Mchanga wenu una nafasi nyingi," Delfina alieleza alipofika. "Bahari inayasukuma maji na kuyavuta. Na ninyi kila mkiteka, mnayavuta zaidi kuja hapa. Kinachoingia katika shimo lile, kinakuja kisimani."

Mwinyimadi alikuwa ameshika bakuli. 

"Rangi tumeiona kwa sababu ni rangi," alisema polepole. "Na kile kingine kilichomo shimoni, ambacho hakionekani?"

 Macho yake yalikwenda kwa Yasmin, aliyekuwa amebebwa ubavuni na mama yake, amelegea, shingo nyembamba. Mama Chamima alifuata macho yale. Alielewa, akamkumbatia mtoto kwa nguvu na kuanza kulia.

"Hicho ndicho mlichokuwa mkikinywa tangu mvua zianze," Delfina alisema kwa upole. "Si meno, dada yangu. Mlete kituoni leo, tumtibu. Atapona."

Mwinyimadi alimwendea Sebastião, akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Nilitaka kukutoa nyumbani kwangu kwa kosa langu mwenyewe. Naomba radhi."

"Yamekwisha, mzee," alijibu Sebastião. Momade naye alisogea, akavua ufunguo shingoni, akamkabidhi Sebastião bila hotuba yoyote.

Kazi ilianza siku ile ile. Shimo la choo lilifukiwa. Kisima kilikaushwa, kikasafishwa na kutiwa dawa. Lakini Delfina hakuridhika.

"Dawa nimetia leo," aliwaambia. "Kesho nina mitaa mingine. Nani atakilinda kisima hiki mwaka ujao, na mwaka unaofuata?"

Basi wakachagua watu wa kukiangalia: wafunike mdomo wake, waweke ndoo moja safi ya kutekea, na kila anayetaka kuchimba choo waende naye kwanza kupatazama. Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Momade, maana ulinzi alikwisha kuuzoea, na wazo la choo ubavuni mwa kisima chake alilitupa yeye mwenyewe. Wiki zilivyopita, tumbo la Yasmin lilitulia. Akaanza kukimbia uani na kumsumbua kila mtu, na hakuna aliyemkataza.

Asubuhi moja ya mapumziko Mwinyimadi alichukua jembe, akamwita Haula.

"Mwanangu," alisema, "nilijenga choo kwa nia njema, nikafikiri nia njema inatosha. Haitoshi. Usafi unaoishia mlangoni kwangu na kumchafulia jirani maji yake, huo bado si usafi. Wewe ulikosa, kisha ukasema kweli mahali ambapo mkubwa angenyamaza. Ungenyamaza, tungemfukuza mtu mwema, na tungeendelea kumnywesha mdogo wako maji yale. Sitasahau." Alimkabidhi jembe. "Haya, nionyeshe pa kuchimba."

Haula alilipokea, akatangulia. Alipita nyumba, akapita kichanja cha kukaushia samaki, akateremka upande wa mbali na kisima.

"Hapa?" baba aliuliza.

"Bado, baba."

Wakapita mikorosho.

"Na hapa? Kumbuka maji ya kutawadhia yatabebwa mpaka huku."

"Bado, baba."

Mwinyimadi aliguna, akatazama nyuma, kisima hakionekani tena. Akacheka peke yake, akapandisha msuli wake, akaendelea kumfuata binti yake.

"Sawa," alisema. "Maji nitabeba mimi."