Bastola Iliyoitikia Jina

Kuna wafu ukiwataja hata hawageuki. Na kuna wengine wanangoja tu uwataje. Zadock alilijua hilo tangu utotoni kwao Ugenya, na bado mdomo ukamponza.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Al Barsha sir Raed, mmoja wa wanachama, alipoingia kwenye klabu ya kulenga shabaha na kisanduku cheusi mkononi. Zadock alikuwa askari huko Kenya. Hapa Dubai kazi yake ilikuwa kusimamia wapigaji na kusafisha silaha za wanachama.

"Mpya kabisa," sir Raed akamwambia. "Ipige mpaka ilainike. Nikirudi safari nitaichukua. Yalla."

Zadock akaitoa bastola, akashangaa. Nyepesi! Bunduki alizozizoea zilimwachia bega linauma siku nzima. Hii mwili wake ulikuwa plastiki ngumu, mpini umejaa vipele vya kushika kiganja. Alipofyatua, teke lake lilikuwa dogo tu, na tundu likatokea karibu kabisa na katikati ya shabaha.

"Aisee, mrembo huyu!" akamwambia Aidarus, mtu wa Mombasa aliyetunza stoo ya silaha.

Risasi ya pili ikakwama. Akaitoa, akapiga tena. Ikakwama tena.

"Silaha mpya ndivyo zilivyo," Aidarus akasema. "Itazoea."

"Hii haikwami, inalia. Inataka jina."

Akaeleza huku akicheka. Kwao mtoto mchanga akilia bila kukoma, nyanya huwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Yule ambaye mtoto atanyamaza akisikia jina lake, ndiye aliyerudi. Mtoto hupewa jina hilo, akanyonya, akalala.

"Subhanallah! Zadock, wacha mzaha na maiti."

Alisikia? Thubutu! Ulimi hauna mfupa.

"Ni wewe, babu Zedekiya?"

Ikakwama.

"Ni wewe, shangazi Annah?"

Ikakwama.

"Basi ni wewe, Linus?"

Risasi zikatoka zote, moja baada ya nyingine, mpaka magazini ikaisha.

Kisha harufu ikaja. Petroli... na udongo mbichi. Mle ndani, penye kiyoyozi, ambamo hata pikipiki haijawahi kuingia.

Zadock akaacha kucheka. Linus alikuwa mdogo wake, dereva wa bodaboda, aliyegongwa na lori kabla hajaoa wala kuzaa. Tangu azikwe, jina lake lilitunzwa nyumbani kwa ajili ya mtoto wa kwanza wa kiume. Na Roselyne, mke wa Zadock, alikuwa mjamzito kule kijijini, siku zake zimefika.

Wiki hiyo hiyo akajifungua mtoto wa kiume. Alizaliwa analia, na hakunyamaza.

Simu za WhatsApp hazikupita Dubai, kwa hiyo mama yake Zadock alimtumia ujumbe wa sauti. Aliusikiliza kwenye kitanda chake cha juu, chumba cha wafanyakazi huko International City, amejifunika blanketi wenzake wasisikie. Kilio cha mtoto kilitangulia, kikavu, cha kuchoka.

"Mwanangu, hanyonyi. Hospitali wanasema ni mapafu, wamempa dawa, wapi! Nimewataja wote. Linus nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilikuwa na hakika naye. Nilipomwita, mtoto akageuza uso ukutani, akazidi kulia. Ni kama nimebisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Zadock, Linus ameenda wapi?"

Zadock alijua. Akaizima simu, akaisukuma chini ya mto.

Magharibi iliyofuata alimkuta Aidarus amesimama nje ya stoo, tasbihi mkononi, uso umemparama.

"Usiingie," Aidarus akanong'ona. "Ile sefu... wasikia?"

"Inalia?"

"Hailii. Yanyonya."

Zadock akaweka sikio kwenye chuma.

Ntwa... ntwa... ntwa...

Taratibu. Kwa raha. Mtoto aliyepata titi.

Akaifungua sefu. Bastola ilikuwa na joto la mwili, na petroli ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Akaifungua vipande: magazini, mtutu, springi, chuma cha juu, ule mwili wa plastiki. Akavitandaza mezani, akapiga magoti.

"Linus, ndugu yangu. Nilikosa. Ulikuwa mzaha tu. Toka humo, mtoto anakufa."

Ntwa... ntwa...

"Nakuomba. Roselyne amekukosea nini? Nyumbani wanakungoja wewe."

Sauti ya kunyonya ikakoma.

Kisha, kutoka kwenye mtutu uliolala peke yake mezani, ikatoka pumzi nyembamba yenye maneno ndani yake.

"Huku... niliitwa kwanza."

Aidarus alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Ukimuuliza leo anaapa hakusikia neno. Ilikuwa mota ya kiyoyozi, anasema, na silaha yoyote huacha kukwama ikizoea. Lakini kazi ile hakuirudia tena.

Zadock akashika nyundo. Akajua akiivunja mali ya sir Raed ni jela, kisha ndege ya kurudishwa kwao. Potelea mbali! Akainyanyua juu ya ule mtutu, akaupiga kwa nguvu zake zote. Akapiga tena. Chuma hakikuacha hata alama.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Mama.

Safari hii nyuma ya sauti yake hakukuwa na kilio.

"Amenyamaza, mwanangu. Amenyamaza mikononi mwangu." Akapumua. "Roselyne hasemi na mtu. Wanaume wameanza kuchimba. Wananiuliza tumzike kwa jina gani, na mimi sina. Niambie wewe, baba yake."

Nyundo ikamdondoka. Akabonyeza ili ajibu. Akafungua kinywa, akatafuta jina, lolote lile, hakupata. Akakaa hivyo, simu mdomoni, mpaka kidole kikachoka. Akautuma ujumbe vile vile, pumzi tupu bila neno.

Jibu la Mama halikuchelewa. Alikuwa ananong'ona, kama mtu asiyetaka wengine chumbani wamsikie.

"Zadock... ni nani huyo anayehema pamoja nawe?"