Fomu ya Ada ya Lesieli

Soko la Talamahu, hapa visiwani Tonga, siku ya Jumamosi halina adabu. Watu wanasukumana, viazi vikuu vinabingirika, na ndivyo kiatu cheusi cha mtu mrefu kilivyotua katikati ya kapu jipya la Kalolaine, muuza makapu.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuja nayo," alijibu, akihangaika kuchomoa mguu. "Nilipokuona ndipo yakapotea. Na tafadhali, niite jina lolote, ila usiniite kaka."

Aliitwa Feleti, fundi umeme mzaliwa wa visiwa vya Ha'apai. Shati lake jeupe lilinukia pasi, na mkeka wa heshima, vazi la kwao, ulikuwa umefungwa barabara kiunoni. Alilinunua kapu lile lililotoboka kwa bei ya zima. Jumamosi iliyofuata alinunua lingine, na iliyofuata pia, mpaka chumba chake kikajaa makapu matupu.

Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, nakata."

Kalolaine hakukata. Lakini cheko lake lilikuwa na kivuli. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na makapu yale ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha Lesieli, mdogo wake, kidato cha sita katika shule binafsi ya kanisa. Barua ya shule ilikuwa imefika: ada isipokamilika kufikia Jumatano, Lesieli hafanyi mtihani.

Chama cha waliosoma shule hiyo kikaandaa kikao cha kava, kinywaji cha mizizi, Jumamosi mchana, kumchangia. Kalolaine ndiye atakayewagawia wanaume vikombe. Wao wamtanie, na kila utani utie noti kwenye sahani. Kila Mtonga anajua sharti lake: mwanamume hakai penye utani wa aina hiyo ikiwa msichana anayegawa ni dada yake, hata binamu wa mbali. Huinuka akaondoka.

Kalolaine alivaa gauni jekundu, mikono ikimeremeta mafuta ya nazi. Feleti aliketi mbele yake na wenzake wa kazini. Kalolaine alijaza kifuu cha kwanza, akamnyooshea yeye. Feleti akainua macho, uso ukambadilika, akainama na kutoka bila neno. Nyuma ya Kalolaine, msichana mgeni alikuwa ndiyo kwanza anakaa penye bakuli la pili la kava. Hakuna aliyemtazama.

"Kumbe ni ndugu yake!" mzee mmoja alinong'ona, ukumbi mzima ukasikia.

Utani ukafa palepale. Nani amtanie msichana ambaye kaka yake katoka sasa hivi? Sahani ilirudi nusu.

Nyumbani, Shangazi Fusi, dada wa baba, ambaye neno lake halipingwi, alikuna kichwa. "Babu yenu alitembea sana Ha'apai."

"Shangazi!"

"Mimi sijasema kitu. Nasema tu alitembea."

Siku tatu simu iliita, Kalolaine asipokee. Aliogopa jibu. Alishika picha ya marehemu baba mkono mmoja na ya Feleti mkono wa pili, akalinganisha pua. Mara zilifanana, mara hazikufanana. Alimpenda bado, na kwa hilo akazigeuza picha zote mbili kifudifudi.

Jumanne Lesieli aliingia mbio. "Dada, nafanya mtihani! Ada imelipwa!"

"Na nani?"

"Karani kasema ni ndugu yetu. Feleti."

Kalolaine akaketi chini. Alitaka kushangilia kwa ajili ya mdogo wake na kulia kwa ajili yake mwenyewe, asijue aanze na lipi. Akaenda shuleni vilevile, na kandambili zisizofanana miguuni.

"Hatupokei ada kwa mtu baki," karani alimwambia, akimsogezea fomu.

Uhusiano na mwanafunzi: mume wa dada yake.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Akatoka nje na simu.

"Kwa nini uliondoka?"

"Kalolaine! Ni Vika, mtoto wa mama mdogo. Alishuka melini asubuhi ileile, kumbe wamempa bakuli nyuma yako! Ningekutaniaje dada yangu anasikia?"

"Watu wanasema dada yako ni mimi."

"Mungu wangu. Ndiyo maana hupokei."

"Na fomu hii? Ni ada au mahari? Mimi siuzwi, Feleti."

"Sahani ilipungua kwa sababu yangu. Mimi na wenzangu tumeijaza, hiyo ni ya Lesieli. Lakini karani alitaka uhusiano. Nikaandika ninachokiomba kwa Mungu. Ukikataa nitakifuta, na ada ibaki."

Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye anacheka. "Kalamu yako ina mbio kuliko mdomo."

"Nifute?"

"Njoo Jumamosi na mzizi wa kava. Umwombe shangazi kwa mdomo."

Jumamosi Shangazi Fusi alimhoji Feleti majina ya bibi na babu zake vizazi vinne, kisiwa kwa kisiwa, mpaka jasho likamtoka. Mwishowe shangazi akaitikia kwa kichwa. Kalolaine, katika gauni lilelile jekundu, akajaza kifuu, akamnyooshea. Wote wakayatazama magoti ya Feleti.

Alipokea, akanywa mpaka tone la mwisho, akabaki ameketi.