Gogo Barabarani

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba. Nyamizi na mumewe Limbu walikuwa wamevuna vizuri. Asubuhi moja walifunga magunia kwenye baiskeli, wakashika njia ya Nyashimo, wilaya ya jirani, walikosikia bei ni nzuri zaidi. Hawakufika. Mpakani mwa kijiji chao, Mwashilinde, mgambo walikuwa wamelaza gogo barabarani. Wakaambiwa ni amri ya mwenyekiti: pamba ya kijiji iuzwe kijijini.

Nyamizi alirudi kichwa kikimzunguka. Redio ilisema soko ni huria. Huria gani hili? Limbu alisema mwenyekiti wa kijiji ana roho mbaya. Lakini mwenyekiti huyo ndiye aliyehangaikia paa la shule. Nyamizi hakuelewa.

Akamwendea jirani yao Klementina, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika. Wakaamkiana kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” akapewa kigoda, akaeleza yote.

“Mayu, mama yangu, usianze na nani mbaya,” Klementina alisema. “Uliza nani anapata na nani anakosa.”

Akamfafanulia. Kijiji hupata ushuru wa pamba inayopimwa kwenye mizani yake tu. Ikivuka mpaka, ushuru unabaki Nyashimo. Mnunuzi wa kijijini naye hana mshindani, hupanga bei atakavyo. Yeye ni mmoja na anapata kingi, kwa hiyo hakosi mkutano wa kijiji, ambako mambo haya huamuliwa. Wakulima ni wengi. Kila mmoja anapoteza kidogo, basi anaona heri abaki shambani.

“Kwa hiyo hata mimi nimelaza lile gogo?”

“Kwa kunyamaza, ndiyo.”

Neno hilo lilimchoma. Wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba, akiwaomba wakulima wahudhurie mkutano wa kijiji. Siku ilipofika, alisimama mbele ya watu. Hakumtukana mtu. Aliomba pamba ipimwe kijijini, ushuru ulipwe, kisha mwenye pamba aiuze apendako. Mnunuzi alipinga. Mwenyekiti akauliza kama kweli watalipa ushuru. Mikono ikanyooshwa, mingi kuliko Nyamizi alivyowahi kuona.

Kesho yake barabara ilikuwa wazi. Kabla ya juma kuisha, mnunuzi akapandisha bei. Limbu akauza pale pale kijijini.

Nyamizi alichanganyikiwa upya. “Kumbe pesa mnunuzi alikuwa nazo,” alimwambia Klementina.

“Alikuwa nazo siku zote,” Klementina alijibu. “Hakuwa na sababu ya kukupa.”