Bomba la Jikoni kwa Bibi Esnath

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Agness alifagia uwanja, akajaza ndoo ya jikoni, ndipo akanywa chai. Siku hizo ndoo ilimshinda. Akifungua bomba la jikoni kidogo, maji yalitoka vizuri. Akifungua zaidi ili awahi, yalikoroma kidogo, yakakata. Alishika kiuno, haelewi. Bomba gani hili, ukitaka maji mengi linakunyima?

Nyumba ya bibi yake, Bibi Esnath, pale kijijini Mpuguso ilikuwa ya zamani, na mabomba yake ya chuma yalimzidi umri baba yake Agness. Lakini Bibi hakuilaumu nyumba yake hata kidogo. Alimlaumu Mama Neema, jirani wa upande wa juu, aliyevuta bomba la maji kwake juzijuzi.

"Tangu huyo avute maji, sisi tumekauka," alisema. "Jumamosi kwenye kikao cha maji nitasimama mbele ya watu wote. Wamkatie!"

Tayari alikuwa ameacha kumsalimia, yeye ambaye hakukata mkungu wa ndizi bila kumpelekea chane. Agness aliumia sana. Neema alikuwa rafiki yake, na kwao kulikuwa na mtoto mchanga. Wakikatiwa, Mama Neema angerudi kuteka mtoni, mtoto mgongoni, kwenye ule mteremko unaoteleza.

Jioni Agness alifungua bomba la uani. Maji yaliruka yakamlowesha sketi. Akajaribu la bafuni, nalo likatoa mengi. Akarudi jikoni, yakakata. Sasa alichanganyikiwa kabisa.

"Bibi, kama Mama Neema anachukua maji yetu, mbona anachukua ya jikoni tu?"

Bibi alikuna kichwa chini ya kitambaa. "Sijui, mjukuu wangu. Labda ana namna yake."

"Namna gani, Bibi? Bomba linaloingia humu ni moja."

Bibi alilitazama bomba la jikoni, akageuka. Hata yeye alionekana kuchanganyikiwa, ila hakutaka kusema.

Ijumaa baba mdogo Ackson, anayefanya kazi kiwanda cha chai, alikuja kuwasalimia. Agness alimweleza jinsi kila bomba lilivyotoa maji. Ackson alifunga koki ya nje, akashika spana na kulifungua bomba la jikoni. Kutoka ndani alichomoa kitu cheusi, chenye utelezi na mchanga. Ilikuwa kamba ya mgomba.

"Ncha moja imenasa, nyingine inaelea," alisema. "Maji machache yanapita pembeni. Yakiwa mengi yanaisukuma, inaziba tundu. Nani aliiweka?"

Agness aliitambua. Angeweza kunyamaza. Lakini kesho ilikuwa Jumamosi.

"Ni mimi, baba mdogo. Bomba lilikuwa linavuja. Nilizungusha kamba kwenye maungio, iliyobaki nikaishindilia ndani. Ni wiki ileile Mama Neema alipovuta maji."

"Na kamba nilimkatia mimi," Bibi alisema polepole. "Nikamwambia, kaza, mwanangu."

Kesho yake kikaoni Bibi alisimama kama alivyoahidi. Watu walimgeukia Mama Neema, maana manung'uniko yake walishayasikia. Mama Neema aliinama, akamkumbatia mtoto.

"Nilisema jirani yangu anatukausha," Bibi alisema. "Si kweli. Bomba langu nililiziba mwenyewe, na kamba ya mgomba wangu. Mama Neema, nisamehe."

Mama Neema aliinua uso. "Ndaga, mama," alishukuru kwa lugha ya kwao, na machozi yakamtoka. Jioni hiyo chane ya ndizi ilipanda tena kwao.

Wakiwa njiani kurudi kutoka kuipeleka, Bibi alimshika Agness mkono.

"Mimi nilitazama nyumba ya mwenzangu, wewe ukapima bomba mojamoja. Kitu kikiharibika, mjukuu wangu, kichunguze kwako kwanza kabla hujamtaja mtu. Na ukikuta kosa ni lako, liseme upesi, kama ulivyosema jana. Mimi nilishaona mambo hayalingani, nikakawia kusema, na nusura mtoto wa watu akose maji."