Bastola Inayouliza Hali

Bastola ilipotolewa kwenye kisanduku chake ilisema, kwa sauti ya kike isiyo na haraka, "Zefania Mkumbo, uko salama?"

Nusura Zefania aiachie. Alimgeukia mkewe, Eliwaza, aliyesimama ubavuni pake mbele ya kaunta, kama mtu aliyeulizwa swali kanisani bila kutarajia.

"Ijibu," alisema Bi Mwanahija, mwenye duka, ambaye muda mfupi kabla alikuwa ameisajilisha sauti ya Zefania pamoja na kiganja chake. "Haifunguki mpaka uijibu."

"Niko salama."

"Uko na nani?"

"Na mke wangu."

"Nikuitie mtu?"

"Hapana, asante," alisema Zefania, na Eliwaza akacheka, maana hakuwahi kumsikia mumewe akiishukuru mashine.

Kitu kikalia ndani ya mpini, tk, na ile bastola ikawa silaha.

Bi Mwanahija alikuwa sajini wa polisi kabla ya kustaafu, na aliuza silaha kama muuguzi anavyotoa dawa kali, kwa maelezo mengi na bila tabasamu. Aliwaeleza kwamba hiyo iliitwa bastola-sikivu. Ndani ya mpini wake mlikuwa na akili mnemba isiyozidi punje ya mtama, iliyosikiliza sauti ya mmiliki na kupima mapigo ya damu kiganjani. Mlevi haikumfungukia, wala mtoto. Mwenye hasira ilimwongelesha kwanza.

"Na anayetaka kujidhuru mwenyewe?" aliuliza Eliwaza. Aliuliza kwa sababu ni swali la kuulizwa, si kwa kumwaza yeyote.

"Inajitahidi," alisema Bi Mwanahija. "Lakini chombo ni chombo, mama. Ndiyo maana sheria inataka kila bastola iwe na msimamizi mwenza. Utakuwa wewe?"

"Nitakuwa mimi."

Zefania mwenyewe alikuwa amependa nyingine, nyeusi, ya kizamani, isiyosema neno. Kabla yake alishika ndogo ya mfukoni, lakini Bi Mwanahija alimtahadharisha kwamba bastola nyepesi hurusha mkono kuliko nzito, na kweli katika mikono ile mipana ya fundi ilionekana kama kiberiti. Kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka alifyatua zote tatu. Risasi zake za mwanzo zilipiga mchanga. Eliwaza alisimama nyuma yake na vizibo masikioni, akatazama jinsi bega lake linavyotulia kila alipoishika ile inayouliza.

"Chukua hii, Baba Eliya," alimwambia. "Imekaa mkononi. Nami nitalala usingizi nikiwa kazini Dodoma."

"Inaniuliza maswali mengi."

"Bora ikuulize."

Basi wakaichukua.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Singida ulikuwa mji wa upepo, na juu ya vilima vyake vya mawe ilisimama minara mirefu ya umeme wa upepo yenye mabawa meupe ambayo wenyeji waliiita mapangaboi. Zefania alikuwa ameipanda kwa zaidi ya nusu ya umri wake, akining'inia kwa kamba, akiziba nyufa za mabawa. Kisha wakaja buibui-fundi, roboti za miguu minane zinazopanda mnara usiku na mchana bila kamba wala chai. Mafundi waliagwa kwa heshima na hotuba. Mmoja mmoja walihama Kota za Mapangaboi kufuata kazi au watoto, nyumba zikabaki na milango wazi, hata ikabaki inayokaliwa moja tu, ya Zefania.

Eliwaza alipanga ratiba za treni za sumaku kule Dodoma. Aliondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa. Mtoto wao pekee, Eliya, alikuwa mhandisi katika kituo cha angani, na kanisani walitania kwamba jina ndilo lililompeleka juu. Alipiga simu siku za sikukuu.

Hapo ndipo walipoanza kuja wezi wa nyaya. Walikuja na lori mchana kweupe, wakang'oa shaba kutoka kwenye kuta za nyumba zilizohamwa. Safari ya mwisho walibomoa nyumba ya jirani huku Zefania amesimama uani na panga, na mmoja wao akampungia mkono kama anayemsalimu mlinzi wao. Ijumaa ile alimwambia mkewe, "Nataka bastola." Eliwaza alimsihi tena wahamie wote Dodoma. "Nikienda huko nitakuwa nani?" alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo kama kawaida.

Mwezi haukuisha tangu wanunue, Bi Mwanahija akampigia Eliwaza simu ofisini.

"Mama Eliya, taarifa za kisanduku zinaonyesha silaha yenu inatolewa kila jioni, Jumatatu hadi Alhamisi."

Eliwaza aliinuka kitini. "Imefyatuliwa?"

"Haijafyatuliwa hata mara moja. Inatolewa, inakaa mkononi, inarudishwa. Mwanzo ilikuwa dakika moja. Siku hizi anakaa nayo muda mrefu. Sheria inanitaka nikujulishe. Lakini hata sheria isingenitaka, ningekupigia. Nenda nyumbani, mwanangu."

Hakumuaga mtu. Katika treni alijaribu kumpigia mumewe, akakata kabla haijaita, kwa kuogopa atakachosikia. Nje ya dirisha nchi ilipita kwa kasi mno hata mbuyu haukutofautishwa na nyumba. Alijaribu kukumbuka walizungumza nini Jumapili iliyopita. Alikumbuka kwamba aliulizia bomba la maji.

Aliingia uani jua likiwa linashuka nyuma ya vilima. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka chumbani alisikia sauti ya mumewe, ya chini, ya mtu anayezungumza na mgeni aliyezoeleka.

"Niko salama," alikuwa akisema. "Upepo leo umegeuka, unatoka upande wa ziwa. Wale buibui wameharibu bawa la mnara wa tatu, nimewaona kwa macho yangu. Ningekuwa mimi ningeanza kwenye ncha."

"Uko na nani?" ilisema sauti ya kike.

"Peke yangu."

"Nikuitie mtu?"

Eliwaza aliushika mwimo wa mlango. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo, bastola imelala juu ya viganja viwili vilivyokunjuliwa, kama ndege aliyeokotwa.

"Baba Eliya," aliita polepole.

Hakushtuka. Aligeuka, akamwona, akaona pia namna anavyoitazama ile silaha.

"Usiogope. Haina risasi. Risasi ziko jikoni, kwenye kopo la chumvi."

"Unafanya nini nayo?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Inaniuliza hali," alisema. "Kuanzia asubuhi hakuna anayeniuliza hali."

"Si una simu? Si ungenipigia?"

"Nilikupigia, Mama Eliya." Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Wiki ya kwanza tu, hii iliponiuliza kama iniitie mtu, nikaitaja namba yako. Ukapokea. Tukaongea vizuri, ukacheka, ukaniambia nile nilale. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikakwambia nimeanguka ngazini. Ukasema pole, ukasema nile nilale."

Eliwaza aliketi sakafuni pale pale alipokuwa. Alielewa. Kila mtu ofisini alikuwa na kaimu, kijumbe cha akili mnemba kilichojifunza sauti ya mwenye simu na namna yake ya kuongea, ili kipokee simu anapokuwa na shughuli. Alikuwa amekiruhusu kipokee za nyumbani pia, msimu ule wa ratiba mpya, akasahau kukizuia. Jioni kilimwandikia muhtasari: *mume, salamu, hakuna la haraka.*

"Ulijua kwamba si mimi."

"Nilijua. Wewe ukicheka huanza kwa kukohoa." Akaiweka bastola kisandukuni, kifuniko kikajifunga chenyewe. "Nikaona afadhali hii. Hii haijifanyi wewe."

Upepo ulikuwa ukiubamiza mlango wa nyumba ya jirani isiyo na mtu. Eliwaza alisogea, akamshika magoti.

"Na leo? Niambie kweli. Uko salama?"

Zefania alifungua kinywa kutoa jibu alilozoea kutoa, likakataa kutoka. Macho yake yalijaa.

"Mashine nilikuwa naidanganya tu," alisema mwishowe. "Siko salama, mke wangu. Juzi nilikwenda jikoni nikalifungua lile kopo la chumvi. Nikalifunga. Lakini nililifungua."

Hawakupika siku ile. Eliwaza alikibeba kile kisanduku hadi jikoni, akalitia kopo zima mkobani, akaweka na kisanduku juu yake, akarudi akaketi naye bega kwa bega mpaka giza likaingia, na hakuna aliyewasha taa.

Asubuhi walirudisha silaha. Bi Mwanahija aliipokea bila kuuliza sababu, akamshika Zefania mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba askari wengi aliofanya nao kazi walikaa peke yao hivyo hivyo, na waliosema ndio waliozeeka. Akawapa jina la daktari. Walikwenda siku iyo hiyo. Zefania alipewa dawa, na muda wa kuongea na mtu halisi kila wiki, naye hakupinga.

Nyumba waliifunga, wakahamia Dodoma. Wezi wa nyaya waliingia kabla ya mwezi kuandama, wakachukua walichochukua, na habari zilipofika Dodoma Zefania aliketi dirishani siku nzima, kisha akaomba chai.

Huko Dodoma hakupata kazi upesi. Chumba chao kilikuwa juu sana, na majirani hawakujuana. Ila kila jioni alishuka kwa miguu hadi kituoni kumpokea mkewe, amevaa shati lililopigwa pasi. Jioni moja treni ilikawia kufungua milango, na Eliwaza akamwona kupitia kioo kabla yeye hajamwona. Umati ulikuwa ukimpita Zefania pande zote, na kila mmoja katika umati ule alikuwa akiongea: na kijiredio cha sikioni, na kaimu wa mke, kaimu wa mama, kaimu wa rafiki. Jukwaa zima lilivuma kwa maneno. Eliwaza alikuwa amepita hapo miaka mingi bila kugundua kwamba hakuna aliyekuwa akiongea na aliyepo.

Zefania alikuwa akiwasalimu. Kama Singida, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. "Habari za kazi? Poleni na safari." Wengine walidhani ni kichaa, wakakwepa. Wengi hawakusikia. Bibi mmoja mwenye kikapu alisimama, akaondoa kijiredio sikioni, akatazama huku na huku kuona kama ni yeye aliyesemeshwa.

"Mimi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba," alisema yule bibi, na badala ya kuendelea na safari yake akakitua kikapu chini.