Kurasa Tatu za Mzee Haugen

"Uzi umekatika."

Maneno mawili tu kutoka idara ya ujasusi, kisha simu ikawa kimya.

Ghislaine Arsenault alikuwa juu ya Mfereji wa Rideau ulioganda, akiteleza kwa viatu vya barafu kurudi ofisini kama watumishi wengine wa umma wa Ottawa. Alisimama ghafla, akashika nguzo ya ngazi ya kupandia ukingoni.

Miaka kumi na tisa alikuwa akiomba asiyasikie maneno hayo. Maana yake ilikuwa moja. Jina halisi la Sindano limevuja.

Sindano alikuwa karani wa wizara katika mji wa mbali, mama wa watoto wawili, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiipa Kanada siri za mabwana zake. Ghislaine ndiye aliyemwingiza katika kazi hiyo. Alimshika mikono akamwambia: hakuna atakayelijua jina lako.

Alimpigia mkuu wake, Kowalchuk, kwa laini ya siri.

"Wapi?"

"Kwa mzee Haugen. Usiku amepiga chapa kurasa tatu za wasifu wake. Kaniambia mwenyewe kwa simu, kamtaja Sindano kwa jina halisi."

"Kachanganyikiwa?"

"Ana miaka themanini na mmoja. Sasa sikiliza. Tumenasa simu kutoka nyumbani kwake: kurasa tatu, saa sita kamili. Wanunuzi ni walewale mabwana wa Sindano."

"Nani kapiga?"

"Hatujui. Ndani wamo yeye na mwandishi wa wasifu wake, Tully. Mmoja wao anauza."

"Nipe watu."

"Dakika arobaini."

Saa ya Casio mkononi mwake ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Alihesabu mara mbili, na mara zote mbili watu wa Kowalchuk walichelewa.

Alibadili viatu vya barafu kwa buti, akakimbilia kwa Haugen.

Haugen alimfungulia mwenyewe. Alikuwa waziri wa mambo ya nje mara mbili, na bado alisimama mlangoni kana kwamba wapiga picha wapo.

"Ingia, binti. Buti hapo."

Ghislaine alisita. Bastola yake, Walther ndogo, ilikuwa ndani ya buti la kulia. Lakini nyumba za huku mtu haingii na buti za theluji, na anayeng'ang'ania kuingia nazo huyo ana lake jambo. Alizivua, akaziweka kwenye trei ya viatu ukumbini pamoja na nyingine, akaingia na soksi. Moja ilikuwa na tundu kidoleni. Aliogopa kuliko siku zote alizowahi kuvuka mipaka kwa hati za bandia.

Jikoni jiko la kuni lilikuwa likiwaka. Fenwick Tully, mwandishi wa wasifu, alikuwa mezani katikati ya makaratasi.

"Nipo hapa tangu saa moja, sijainua kichwa," alisema. "Mzee ananilipa kahawa."

"Na mkate wa kuchoma," alisema Haugen. "Mwongo huyu kala vipande vinne. Mimi nimesinzia kidogo tu, naamka sahani nyeupe."

"Mzee, zile kurasa tatu za usiku ziko wapi?"

Haugen alivuta droo chini ya mashine yake ya chapa, Olivetti.

Tupu.

Mzee alibaki ameishika droo. Aliipapasa hadi mwisho kama asiyeamini, na Ghislaine akajua kwamba mwuzaji si yeye.

"Nimesahau simu kwenye koti," alisema, akarudi ukumbini.

Alizitazama buti. Zake zilikuwa zikichuruzika. Za Haugen zilikuwa kavu. Za Tully, aliyekuwa ndani tangu saa moja, zilikuwa na mabonge meupe ya theluji kwenye nyayo. Kwa joto la nyumba ile, theluji haidumu robo saa.

"Unatafuta nini, dada?"

Tully alisimama nyuma yake. Mkononi alikuwa na bastola, kidole tayari kwenye kifyatulio.

Ghislaine alishika trei kwa mikono miwili akamrushia yote: maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, mabonge na buti. Maji yalimwingia Tully machoni. Buti lenye Walther lilimpata shavuni. Alianguka, na sekunde chache baadaye pingu ya Ghislaine ilikuwa imemfunga kwenye bomba la joto.

"Umechelewa," Tully alisema, damu puani.

Saa tano na dakika hamsini na mbili.

Ghislaine alivaa buti, Walther mfukoni, akatoka; nyayo za Tully zilionekana wazi kwenye theluji mpya. Zilikwenda hadi pembeni mwa barabara, kwenye sanduku la mbao juu ya mlingoti, ambamo majirani huachiana vitabu. Ghislaine alielewa mara moja. Ukitaka kuficha kitu Ottawa, kifiche ndani ya wasifu mnene wa waziri mstaafu. Nani atauchukua?

Alifungua sanduku. Riwaya mbili na kitabu cha mapishi; wasifu haukuwamo.

Akilini aliwaona watoto wawili wa Sindano, na mlango wao ukigongwa.

Kisha akamwona bibi kizee kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara, kitabu kinene mapajani. Na mtu wa koti la kijivu akivuka kumwendea.

Ghislaine alifika kwanza na kukaa kulia kwa bibi. Koti la kijivu likakaa kushoto.

"Kitabu kizuri, mama?" Ghislaine aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Naanzia nyuma." Bibi alikuwa akipitisha kidole kwenye orodha ya majina ya mwishoni. "Beatrix Okell. Nimetumikia wizara miaka thelathini na mmoja. Natafuta kama nimo."

Mji mzima husoma hivyo, kuanzia orodha ya majina. Tully, mwandishi wa wasifu, ndiye aliyesahau.

"Hicho kitabu changu," alisema mtu wa koti.

"Cha sandukuni hakina mwenyewe, bwana. Subiri zamu yako. Nikimaliza mimi, ni huyu binti, ametangulia."

Mtu yule aliingiza mkono kifuani. Chini ya skafu Ghislaine alimwonyesha mdomo wa Walther.

"Umemsikia mama," alisema.

Basi lilifika. Mtu yule alimtazama Ghislaine, akalitazama basi, akapanda.

"Kijivu, ndani ya basi, anaelekea mjini," Ghislaine alinong'ona kwenye simu.

"Tunamsubiri kituo kinachofuata," alijibu Kowalchuk.

"Simo," alisema Bi Okell, akafunga kitabu. "Hata mstari mmoja."

Ghislaine alimwomba kitabu, akachomoa zile kurasa tatu zilizofichwa ndani, akakirudisha.

"Wenye kazi hasa hawamo, mama."

Nyumbani kwa Haugen, watu wa Kowalchuk walikuwa wamekwisha kumchukua Tully; Ghislaine alivua tena buti. Alifungua jiko la kuni na kutia ukurasa mmoja mmoja.

"Nilitaka siku moja ashukuriwe," alisema mzee.

"Shukrani yake ni kuamka kesho, mzee. Usimtaje tena."

Haugen aliinamisha kichwa, kisha akavuta mfuniko juu ya Olivetti.

Ghislaine alivaa buti na kutoka. Simu ikalia.

"Sindano?" Kowalchuk aliuliza.

"Hayumo kitabuni."

Alikata, akatundika viatu vya barafu begani na kushuka kwenda mferejini. Wenzake walikuwa wakirudi kutoka chakula cha mchana.