Mke wa Kifungu cha Tisa

Foleni ilianzia getini, ikapanda ngazi, ikazunguka korido mara mbili ndipo ikaifikia mashine ya alama za vidole. Watu mia tatu, feni moja, nayo imekufa.

"Mashine haikuoni," karani wa dirisha la nne alimwambia fundi wa kuchomelea. "Huna vidole wewe."

"Vipo kumi, mzee. Hesabu."

Watu wakacheka. Lakini karani alisema kweli: miaka kumi na tisa ya kuunga mageti ya wenye nyumba ilikuwa imezila ncha za vidole vyake, zikawa laini kama mgongo wa kijiko.

Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye gauni la bluu, kola nyeupe, mshono wake mwenyewe, limemkaa utadhani alizaliwa nalo. Akatoa mkobani kopo la mafuta ya mgando.

"Kaka, lete mikono. Unaibandika mikavu kama mkate wa juzi!"

Akampaka, akasubiri yaingie, akafuta kwa pindo la mtandio, kisha akakandamiza kidole kimoja kimoja kwenye kioo. Taa ikawaka kijani.

"Dada, sijawahi kushikwa hivi tangu nizaliwe."

"Nyamaza, cheche zako zisije zikaniunguza."

Tangu siku hiyo fundi akawa Cheche, na mwanamke akawa Sindano. Simu zikaanza.

"Cheche, umekula?"

"Nimekula sauti yako asubuhi."

"Sauti haishibishi. Kale, mjinga wangu."

Sindano alishona magauni ya harusi miaka kumi na minne, mpaka kiwanda cha vitambaa kilipofungwa. Waliokifunga walitoa hotuba na walipigiwa makofi; waliokuwepo hawajasahau hata rangi ya tai zao. Sasa fundi wa maharusi alikuwa akiomba kibali cha kwenda nchi za watu kukunja mashuka ya hospitali kwa mshahara ambao wenyeji wa huko waliukataa. Hakuwa na njia nyingine. Mapacha wa marehemu dada yake walikuwa wamefukuzwa shule mara mbili kwa kukosa ada, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwalea. Cheche naye aliomba kwenda huko huko, kubeba nyama kwenye ghala la barafu.

Kibali cha namna hiyo kina masharti yake. Anayekwenda kuwa bosi huingia na mke, watoto na hata mbwa. Mkunja mashuka huingia peke yake, asiwe na mume. Mikono yake wanaitaka. Moyo wake auache uwanja wa ndege.

Wakala aliyewashughulikia maombi aliwaambia wote wawili: "Kifungu cha tisa, mwenzi wa ndoa, acheni wazi." Sindano akaacha. Lakini Cheche hakuwahi kuacha kitu wazi maishani. Kwake geti lenye upenyo ni geti bovu. Mjomba wa Sindano alikuwa bado hajaambiwa lolote la posa, lakini fundi alikaa na kalamu, akaandika jina zima la Sindano, na chini yake kwa herufi kubwa: MKE. Akaipeleka fomu akipiga mluzi.

Wiki ya tatu simu ililia karakanani.

"Wewe ndiye uliyeniandika mke?" Sauti ya Sindano ilikuwa kavu. "Fomu yangu inasema sina mume, yako inasema ninaye. Kibali changu kimezuiwa! Ulikuwa unanifunga kamba nisiende?"

"Laazizi, niliandika kwa mapenzi."

"Mapenzi yanalipa ada? Tumeitwa Alhamisi, dirisha la nne. Kabla ya hapo usinipigie."

Hakupiga. Alikaa siku nne, chuma kimepoa mbele yake.

Alhamisi alikuja na shati la kaki lenye matundu ya moto, amelifunga vifungo hadi shingoni. Sindano alikuwa amekwisha kufika, na gauni lake la bluu, macho yamevimba. Hawakusalimiana.

"Fomu moja ina uongo," karani alisema. "Mwenye nayo anafungiwa kuomba kibali miaka mitano. Ni ipi?"

Sindano alifumbua mdomo. Cheche akamtangulia.

"Yangu."

"Unamfahamu mwanamke huyu?"

"Simfahamu. Nilimwona kwenye foleni, nikamtamani, nikamwandika."

Korido ikaangua kicheko. "Mwehu huyo!" mtu akapaza sauti. Sindano hakucheka.

"Weka kidole, uthibitishe tamko lako."

Cheche akaweka. Taa nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu.

"Huna vidole wewe," karani akasema. "Tamko lisipothibitishwa, nafunga mafaili yote mawili."

Kopo lilikuwa mkobani mwa Sindano. Akilitoa kama mpenzi, amejiponza. Asipolitoa, mapacha hawana shule. Sindano akafungua mkoba, akalisukuma kopo juu ya meza bila kumtazama.

"Kaka," alisema, kama mtu anavyomwita asiyemjua, "jaribu mafuta."

Safari hii Cheche alijipaka mwenyewe. Taa ikawaka kijani, muhuri ukashuka mara mbili: faili la mwanamke likaenda kulia, la mwanamume likatupwa chini ya meza.

Nje, kila mmoja alishika upande wake wa barabara, maana madirisha ya ofisi yanatazama. Malori yalipita kati yao. Simu ikalia mfukoni mwa Cheche.

"Kwa nini umesema hunijui?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya wale?"

"Mkataba wangu ni miaka mitano, Cheche."

"Na kifungo changu mitano. Wametupimia kipimo kimoja, mashetani."

"Nenda kwa mjomba Jumapili. Mwambie lile uliloandika kifungu cha tisa. Mwambie kwa mdomo, wasije wakakugongea muhuri."

Ng'ambo ya barabara aliuona mtandio ukifuta uso.

"Kopo lako nimebaki nalo," Cheche akasema.

"Yamebaki mengi?"

"Nusu."

"Basi jipake kidogo kidogo," akasema Sindano. "Miaka mitano ni mingi."